Ubia wa utafiti wa mikunde: kikundi chenu kiingie upi?

Mwezi wa kumi hapa Babati ni mwezi wa wageni. Mvua bado, mashamba yameshasafishwa, na magari yenye nembo mlangoni yanaanza kupandisha kilima. Kila gari lina mradi, kila mradi una karatasi ya mahudhurio, na karatasi zote mwishowe hulala kwenye faili langu, maana mimi ndiye katibu wa kikundi. Wenzangu wa vijiji jirani hunipigia simu: "Katibu, wamekuja watu wa maharage, wanataka ekari moja na wakulima ishirini. Tuwakubalie?"

Huwa nawauliza kwanza: watu wa maharage wa namna gani? Maneno yao yanafanana: bioanuwai, ustahimilivu, kilimo endelevu. Kazi zao hazifanani hata kidogo. Wapo wanaoleta aina mpya za mbegu kutoka kituoni. Wapo wanaogawa pakiti tatu tatu kwa mamia ya watu. Wapo wanaotaka kukaa nanyi miaka kumi wakihangaika na udongo na sufuria. Na wapo wanaokuja na bakteria kwenye mfuko.

Kinachowaangusha ni nini?

Kabla ya kuwapima wageni, kaeni mhesabu misimu yenu mibaya. Sisi tuna misiba miwili isiyosahaulika.

Wa kwanza ni mnyauko wa mbaazi. Mti unasimama vizuri, unatoa maua, halafu ghafla unakauka wima kama uliomwagiwa maji ya moto. Ukichana shina kwa kisu unakuta mstari wa kahawia, karibu na weusi, unapanda juu ndani ya mti. Ni ugonjwa wa kuvu aina ya fuzari. Unakaa kwenye udongo kwa miaka, na hakuna bomba la dawa linaloufikia.

Wa pili ulikuja Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake. Soko letu la mbaazi lilikuwa India. Magunia yaliyokuwa yakigombaniwa na madalali yakabaki sebuleni mpaka panya wakayazoea, na kuna waliofyeka mbaazi zao wakageuza kuni.

Msiba wa kwanza dawa yake ni uanuwai ndani ya zao lenyewe: kupata mbaazi nyingine isiyonyauka. Wa pili dawa yake ni uanuwai wa mazao: dengu, choroko, ngwara, maharage, karanga, ili soko moja likifungwa lisifunge na nyumba. Mradi unaotibu msiba wa kwanza hauna la kufanya kwa wa pili. Vikundi vingi ninavyovijua viliingia mradi usio wa ugonjwa wao, kisha vikamlaumu mtaalamu.

Kituo na mtandao wake

Huu ndio ubia mkongwe: taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kwetu TARI, ikishirikiana na vituo vya kimataifa. Kwenye maharage kuna PABRA, muungano wa utafiti wa maharage barani Afrika ulioanza 1996 chini ya uratibu wa CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, na sasa una nchi zaidi ya 30. Tanzania imo kwa miguu miwili: kanda ya kaskazini inakwenda na wenzetu wa Afrika Mashariki na Kati, nyanda za juu kusini zinakwenda na mtandao wa kusini mwa Afrika. Kwenye mbaazi, karanga na mikunde mingine kulikuwa na programu ya Tropical Legumes, iliyoanza 2007 na kwenda kwa awamu hadi 2019 chini ya ICRISAT, CIAT na IITA, vyote vituo vya kimataifa vya utafiti wa kilimo.

Nguvu ya ubia huu ni ghala lililo nyuma yake. Benki ya mbegu ya CIAT kule Palmira, Kolombia, ina sampuli zaidi ya 37,000 za maharage. Ukiwa na kutu ya majani au madoa pembe yaliyokushinda, huenda kinga yake imelala humo ndani. Hakuna kikundi cha wakulima kitakachoitafuta chenyewe. Vivyo hivyo kwa mnyauko wetu: mbaazi iliyosajiliwa hapa kwa jina la Mali, inayoitwa Kachangu huko Malawi, ilitoka kwenye kazi ya namna hii, na inastahimili fuzari. Kama mti wenu unakauka wima, msipoteze muda na ubia mwingine wowote. Nendeni kituoni.

Udhaifu wake ni wawili. Kwanza ni hatua mnayoingizwa. Mbegu ikivuka kituo, majaribio ya kanda na upimaji wa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, miaka imeshapita mingi na aina zimebaki nne au tano. Hapo ndipo mnaitwa kwenye shamba darasa "kuchagua". Mnachagua kilichochaguliwa.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Rwanda, watafiti wa ISAR, taasisi ya utafiti wa kilimo ya huko, na CIAT waliwaita kituoni Rubona wanawake waliokuwa mabingwa wa maharage vijijini mwao, wakawaacha wapite kwenye mistari ya majaribio mapema, aina zikiwa bado nyingi. Wale akina mama hawakutazama mavuno peke yake. Walitazama kama maharage yatavumilia kivuli cha migomba, kama majani yanalika, kama yatakaa vizuri kwenye mchanganyiko, maana Mnyarwanda alikuwa hapandi aina moja, alipanda mchanganyiko wa rangi zote. Aina walizozichukua nyumbani zilifanya vizuri kuliko zile watafiti walizodhani zitafaa huko. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgeni wa kituo ni hili: "Mmebakiwa na aina ngapi?" Akisema tatu, nyinyi ni mashahidi tu. Akisema ishirini, kuna kazi.

Udhaifu wa pili ni mbegu yenyewe baada ya sherehe. Ekari ya mahindi inakula kilo 8 hadi 10 za mbegu, ekari ya maharage inakula 30 na zaidi, na mkulima akishanunua mara moja anaweza kurudia mbegu yake misimu kadhaa. Kampuni gani itang'ang'ania biashara hiyo? Ndiyo maana aina nzuri hutangazwa kwa mbwembwe, halafu dukani huzioni. Njia ya kutokea ni mbegu za daraja la kuazimiwa: kikundi kinanunua mbegu ya daraja la juu, kinasajili shamba TOSCI, kinakaguliwa, kinauza kwenye eneo lililoainishwa. Kama barua ya kituo haina mstari hata mmoja kuhusu mbegu baada ya majaribio, irudisheni wauongeze.

Pakiti tatu

Ubia wa pili ni mwepisi hadi watu wanaudharau. Hakuna ekari, hakuna bango. Kila mkulima anapewa pakiti tatu ndogo zenye herufi tu, A, B na C, kutoka kwenye orodha ya aina kumi, kumi na tano au zaidi. Jirani yake anapewa tatu nyingine. Unapanda mistari mitatu kwako, kwa jembe lako na kwa palizi yako iliyochelewa, kisha unajibu maswali mepesi: ipi ilistawi zaidi, ipi iliongoza kwa ubaya, ipi ungependa kuipanda tena. Kompyuta ndiyo inayounganisha majibu ya wote na hali ya hewa ya kila mahali. Mtafiti Jacob van Etten na wenzake walichapisha mwaka 2019 matokeo ya mashamba 12,409 ya namna hiyo: maharage Nicaragua, ngano Ethiopia na India. Waliona kwamba mapendekezo ya aina yanayotoka huko yanaendana na hali ya hewa ya mahali kuliko yanayotoka kwenye majaribio ya kawaida.

Nimeshuhudia jinsi unavyokwenda kwa karibu. Mama mmoja wa kikundi chetu, mjane, alipanda mistari yake nyuma ya jiko kwa sababu hapo maji ya kuoshea vyombo yanafika. Siku ya maua mbuzi wa jirani akakatiza uzio akala mstari B wote, akaacha A na C kama aliyeelekezwa. Msichana wa takwimu alipopiga simu kuuliza ipi mbaya zaidi, mama akajibu, "B." Kwa nini? "Haina uvumilivu." Tulicheka, lakini lile jibu liliingia kwenye mashine. Wenye njia hii husema makosa kama hayo humezwa na wingi wa majibu, na ninawaamini, ila wingi uwepo kweli. Wakulima kumi na wawili na mbuzi mmoja hawatoshi. Watu mia mbili wanatosha mbuzi wote.

Faida kubwa ni kwamba mtihani unafanyika kwenye tabu yako halisi. Shamba darasa lina mbolea ya kupandia, linapaliliwa kwa wakati na liko barabarani. La kwako lina mawe. Maharage yanayong'ara kwenye shamba darasa yanaweza kuja kwako yakakuaibisha mbele ya wakwe.

Hasara: majibu yanaondoka na simu. Tuliwahi kushiriki mradi mmoja, sitautaja, uliokusanya taarifa kwetu misimu minne mfululizo kwa tableti. Walihesabu vitumba, walipima mvua kwa ndoo, waliuliza nani anaamua matumizi ya fedha nyumbani. Hatukurudishiwa hata karatasi moja ya kutuambia ipi ilishinda. Nilipouliza nikaambiwa matokeo yako kwenye jarida, kwa Kiingereza, na jarida linalipiwa. Siku hizi naandika kwenye makubaliano kabla ya kugawa pakiti: kila mkulima atarudishiwa majina halisi ya A, B na C zake pamoja na mpangilio wa aina zote kwa Kiswahili, kabla ya msimu unaofuata. Wanaokataa sharti hilo wamenipunguzia kazi.

Udongo, sufuria na miaka mingi

Wa tatu ndio ninaouonea wivu, na uko Ekwendeni, kaskazini mwa Malawi. Mwaka 2000, hospitali ya misheni ya hapo ilianza kazi na wakulima kwa sababu ya watoto wenye utapiamlo. Muuguzi Esther Lupafya, pamoja na mtafiti Rachel Bezner Kerr kutoka Kanada, hawakuanza na mbegu. Walianza na swali la kwa nini mtoto anakonda wakati mama ana shamba. Wakulima wenyewe wakaunda timu ya utafiti, ikachagua mikunde ya kujaribu, ikatembelea mashamba ya wenzao na kuwapa ushauri.

Mchanganyiko uliopendwa ni wa mikunde miwili shambani kwa pamoja, karanga na mbaazi. Anayejua mbaazi ataona mara moja kwa nini unafaa. Miezi miwili mitatu ya mwanzo mbaazi imedumaa, inajenga mizizi. Karanga chini yake zinakula jua lote. Karanga zikishang'olewa, mbaazi ndipo inapopanuka, inaendelea kwa unyevu wa chini mvua ikiwa imekwisha, na inamwaga majani. Mwaka unaofuata mahindi yanapandwa kwenye udongo uliolishwa mara mbili. Mtafiti Sieglinde Snapp na wenzake, waliofanya majaribio ya namna hii Malawi kwenye karibu mashamba 1,000, waliandika mwaka 2010 kwamba mahindi yaliyofuatana na mikunde ya aina ya mbaazi yalitoa mavuno karibu sawa na ya mahindi peke yake kwa nusu ya mbolea, na mavuno hayakuyumba sana mwaka hadi mwaka. Kwangu mimi, hapo kwenye kutoyumba ndipo ustahimilivu ulipo.

Halafu sufuria. Ekwendeni waligundua kwamba maharage yakiongezeka, ugomvi nao unaongezeka: nani anauza, nani anapika, nani anafukia mabaki ya mimea shambani wakati mume kaenda kilabuni. Wakaanzisha siku za mapishi, wanaume na wanawake wanapika mikunde pamoja. Mgeni wa kituo hawezi kukuandikia hilo kwenye bajeti, lakini sisi sote tunajua maharage ni zao la mama mpaka siku yanapopata bei.

Kwa Babati, ubia wa namna hii una kikwazo chenye miguu minne. Mahindi yakishavunwa, mifugo inaachiwa mashambani, na mbaazi bado imesimama hadi Agosti au Septemba. Bila sheria ndogo ya kijiji inayozuia ng'ombe hadi mbaazi ivunwe, mkulima wa mikunde miwili analisha ng'ombe wa watu. Kwa hiyo, mkitaka njia hii, mwenyekiti wa kijiji awepo kikao cha kwanza, si siku ya wageni rasmi. Na msitegemee kitu mwaka wa kwanza. Mwanachama anayetaka faida ya haraka atawatoka mwaka wa pili, mwacheni aende kwa amani.

Mfuko wa bakteria

Huu nitaupitia haraka. N2Africa, programu iliyoanza 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Wageningen pamoja na IITA na kufika kwetu katika awamu ya pili, ilieneza matumizi ya rizobia, bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuvuta naitrojeni hewani. Unga wao ni mweusi kama masizi. Unalowanisha mbegu kwa maji ya gundi kwenye beseni, unachanganya kivulini, unapanda siku hiyo hiyo. Jua likiupata, umepanda vumbi.

Kwenye soya unafaa sana. Kwenye maharage si kila mahali. Kunde na mbaazi kwa kawaida zinajitafutia bakteria wao udongoni. Kabla hamjasaini, ng'oeni mimea mitano ya maharage yanapoanza kutoa maua, mpasue vinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na wekundu, bakteria wanafanya kazi tayari. Kukiwa na ukijani au weupe, kuna la kuzungumza. Pengine tatizo lenu ni upungufu wa fosfati udongoni, na fosfati ya Minjingu inachimbwa hapa hapa wilayani kwetu.

Ghala, sheria na mfadhili

Mambo matatu yanakata katika aina zote nne za ubia, na ndiyo ninayoyatumia kuamua pale mambo mengine yanapolingana.

La kwanza, zao lenyewe linaruhusu nini. Maharage na karanga hujichavusha, kwa hiyo aina mliyoipata leo mnaweza kuitunza wenyewe kwa misimu, mkichagua mbegu safi na kuiweka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, ili isibunguliwe. Mbaazi ni mchezo mwingine. Nyuki huhamisha chavua kutoka shamba la jirani, na aina yenu inayostahimili mnyauko itachanganyika na ya zamani ndani ya misimu michache msipoitenga kwa mita mia na zaidi. Ubia wa maharage unaweza kuwa mfupi na bado ukawaachia kitu. Ubia wa mbaazi usiowafundisha kutenga shamba la mbegu umewaazima tu.

La pili ni mbegu zenu za asili. Mgeni akiomba kikombe cha maharage ya bibi, hilo si ombi dogo. Tanzania imo kwenye mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea ulioanza kutumika 2004, na tuna sheria ya mwaka 2012 ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Sampuli ikitoka itoke kwa maandishi: inaenda wapi, nakala inabaki benki ya taifa ya mbegu kule Arusha au la, jina la kijiji linaandikwa au linapotea. Watafiti waungwana hawachukizwi na swali hili. Wengi wana fomu tayari, ila hawaitoi msipoiomba.

La tatu ni mfuko wa fedha. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada, na kufikia Julai mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imefungwa. Babati tuliyafahamu mashamba ya mradi wa utafiti wa Africa RISING, yaliyofadhiliwa kutoka huko, na miradi ya mikunde iliyoratibiwa na Chuo Kikuu cha Michigan State ilisimama pamoja na mingine. PABRA, iliyoegemea zaidi Kanada na Uswisi, haikupata kishindo kile kile. Huwezi kumchagulia mgeni mfadhili wake, lakini unaweza kumuuliza mradi una miaka mingapi iliyobaki na nani mwingine anachangia.

Kwa kikundi chenye mnyauko au ugonjwa mmoja unaojulikana, ningechagua kituo, kwa sharti la mbegu za daraja la kuazimiwa. Kwa kikundi kipya, chenye mashamba yaliyotawanyika na wanachama wasioaminiana bado, pakiti tatu: gharama yake ni mistari mitatu, na ugomvi hauna pa kuanzia. Kwa wenye udongo uliochoka na watoto wasionenepa, njia ya Ekwendeni, hata kama hakuna mgeni wa kuwaletea. Mnaweza kuianza kwa karanga za sokoni na mbaazi za jirani. Soya bila rizobia nisingeipanda kabisa.

Sisi mwaka huu tumechukua mawili. Ekari moja ya shamba la kikundi ni karanga na mbaazi, baada ya serikali ya kijiji kupitisha kwamba ng'ombe hawaingii kabla ya Septemba. Na pakiti zimefika Jumanne, A, B na C kwa kalamu nyekundu, pamoja na karatasi yenye sahihi inayosema majina yatarudi kabla ya Oktoba ijayo. Yule mama ameziweka za kwake juu ya kabati, na safari hii mistari yake inakwenda mbele ya nyumba, mlangoni kabisa.